Difu la Lori Chini ya Mayai

Marahaba vijana, hata kama hamjanisalimia. Najua mikono yenu ina grisi na mdomoni mmeshika nati, kwa hiyo nimeitikia mapema ili tusicheleweshane. Mimi nilikuwa fundi springi hapa Mwanza, pale Mabatini. Nilianza wakati gari bovu lilisubiri spea mpaka kuku wakataga kwenye siti ya dereva, nikaendelea mpaka enzi za ruksa, magari ya mitumba ya Kijapani yalipoanza kuingia kama kumbikumbi baada ya mvua. Kilichonistaafisha ni kiuno. Mikono bado ingetaka.

Nataka kuwaeleza habari ya uzito. Simaanishi uzito wa mzigo, huo hata mtoto anaujua. Nasema ule uzito wa chini, unaoning'inia chini ya springi: difu, lile bonge la gia katikati ya magurudumu ya nyuma, na ekseli yake, habu, rimu, na machuma mengine yote ambayo sisi mafundi huyaongeza huko tukidhani tunalisaidia gari. Habari hiyo siwezi kuieleza bila kumtaja Kamugisha, na Kamugisha siwezi kumtaja bila roho kuniuma. Afadhali niwaambie sasa hivi: nilimwonea wivu mtu yule miaka yote tuliyofanya kazi pamoja. Kazi nimestaafu, wivu haujastaafu.

Kamugisha alikuwa Mhaya wa Muleba, Mlutheri, mtu mrefu mwenye tabia ya kupiga pasi ovaroli. Nawauliza, nani anapiga pasi ovaroli? Asubuhi alifika na mikunjo imesimama kama karani wa benki, na saa hiyo hiyo analala chini ya lori. Nilimtania, naye alinitania. Aliniita Msukuma wa viazi, nikamwita profesa. Tulitoka wote kwenye karakana moja ya umma iliyokuwa inatengeneza malori ya pamba. Ilipopunguza watu, tulipunguzwa pamoja, tukafungua gereji pamoja, bati moja juu yetu na jiliwa moja la kubania vyuma katikati. Mteja akiuliza gereji ni ya nani, tulijibu kwa wakati mmoja, "Yetu."

Lazima mwelewe tulivyokuwa tunapima gari siku zile. Mteja akija kuchukua gari lake hakuuliza umefunga nini. Alizunguka nyuma, akapanda juu ya bampa kwa miguu miwili, akaruka. Gari likizama, alikunja uso. Lisipozama, alikushika mkono na kucheka: "Hapo sasa! Hili ndilo gari la kiume." Mteja mwembamba aliazima mtu mnene. Jirani yetu alikuwa mama mmoja muuza mahindi ya kuchoma, mwili umejaa, na huyo alikuwa kama kipimo cha serikali. Gari ambalo mama wa mahindi ameliruka na halikuzama, hilo limepita.

Na mimi ndiye niliyekuwa mfalme wa magari yasiyozama. Springi ikija na majani matano, vile vyuma bapa vinavyopangwa kimoja juu ya kingine, nilirudisha na manane. Hayo ya nyongeza nilikata kwenye springi za malori yaliyokufa. Kamugisha alinitazama, akatikisa kichwa, akasema, "Masalu, unajenga gari au unajenga daraja?" Watu walicheka, lakini walipanga foleni kwangu, si kwake. Wakati huo nilikuwa sina sababu ya kumwonea wivu, na bado nilimwonea. Alikuwa na namna ya kutazama gari likiondoka, anatazama magurudumu ya nyuma tu mpaka linakata kona, kana kwamba kuna kitu anakiona na mimi sikioni.

Wivu ule ulianza zamani, kule karakanani. Aliyetufundisha springi alikuwa Mzee Makune, Mkerewe, mtu wa maneno machache. Alitufundisha kutafuta ufa kwa sikio. Mfanye hivi hata leo: lifute jani la springi, liweke juu ya ukingo wa tofali, ligonge kwa nyundo ndogo. Jani zima linalia kama kengele ya shule, sauti inakwenda na kurudi. Lenye ufa, hata kama macho hayauoni, linalia kama sufuria iliyotoboka. Mimi nililishika somo hilo upesi kuliko Kamugisha. Nasema hivi bila aibu, na yeye mwenyewe angewaambia. Lakini siku Mzee Makune anarudi kwao Ukerewe, nyundo yake alimpa Kamugisha. Akanigeukia, "Wewe Masalu unasikia haraka. Lakini huyu anauliza kwa nini." Nyundo yenyewe mpini ulikuwa umelegea. Ningeikataa. Ila ningependa nipewe, nikatae mimi mwenyewe.

Sasa twende kwa Mama Shija, kwa sababu yeye ndiye aliyetuleta mahali ambapo wivu ulinifikisha.

Mama Shija alifuga kuku wa mayai Kiseke. Biashara ilipofunguliwa, alianza kuuza mayai kwenye hoteli za mjini, kisha akavuka Kigongo kwa pantoni kupeleka Sengerema. Alikuwa na pikapu moja ya Kijapani, kuukuu, ekseli ya nyuma imevunjika. Akaniletea mimi. Spea za pikapu zile zilikuwa zimeanza kuonekana mjini, ila kichwa changu kilikuwa bado kwenye miaka ya shida, miaka ambayo spea ilikuwa ni chochote kilicho mbele yako. Mbele yangu palikuwa na difu la lori dogo. Nikalipunguza upana, nikachomelea vikalio vipya vya springi, nikalifunga. Chini ya springi nikaweka bamba la chuma nene kama kitabu cha dini, ili yubolti, zile bolti zilizopinda zinazofunga springi kwenye ekseli, zishike vizuri. Juu yake majani manane.

Mama wa mahindi aliruka mpaka kitenge kikalegea. Pikapu haikutikisika. Mama Shija akapiga makofi. Nilimtazama Kamugisha, naye alikuwa anatazama gurudumu.

Baada ya muda mfupi Mama Shija alirudi, amesimama katikati ya gereji, mkoba kwapani.

"Fundi Masalu, kuku wangu wanataga, gari lako linakaanga."

"Kivipi, mama?"

"Trei za chini zote uji. Hoteli wananiuliza kama nauza mayai au nauza chapati."

"Barabara mbaya, mama. Mimi sitengenezi barabara."

"Barabara ni ile ile. Jirani yangu anapita na baiskeli, yake yanafika mazima."

"Basi nunua baiskeli," nikasema.

Vijana, neno kama hilo mtu hamwambii mteja. Mafundi wa jirani waliangua kicheko, nami nikajiona nimeshinda. Kamugisha hakucheka. Alifuta mikono, akamvutia Mama Shija stuli, akamsalimia kwa adabu, akaanza kumweleza. Mimi nilikuwa chini ya lori, hatua chache tu, nasikia kila neno.

"Mama," alimwambia, "ndoo ya maji ukiibeba kichwani kutoka ziwani, si unafika?"

"Nafika, na stori juu."

"Sasa chukua tofali mbili, ufunge moja kila mguu. Utafika?"

"Nitafika nimevunjika kiuno."

"Gari nalo ni hivyo hivyo. Trei za mayai zinakaa juu ya springi, huo ni mzigo wa kichwani, gari linauzoea. Difu liko chini ya springi, hayo ni matofali ya miguuni. Gurudumu likikanyaga shimo, difu linarushwa juu. Likiwa jepesi, springi inalipokea, inalirudisha chini taratibu, mayai hayana habari. Likiwa zito, springi inashindwa kulizuia, basi teke lote linaishia kwenye bodi. Na hapo Masalu ameikaza springi juu yake, kwa hiyo hata vishimo vidogo vinapita moja kwa moja mpaka kwenye trei."

"Kwa hiyo Masalu kalivisha gari langu mabuti ya chuma," akasema Mama Shija.

"Wewe ndiye umesema, mama."

Wakacheka wote wawili. Nililala kule chini nikifungua nati ambayo tayari ilikuwa imefunguka. Kilichoniuma ni kwamba nilimwelewa. Angekuwa anasema upuuzi ningetoka kwa furaha kubwa.

Siku chache baadaye mke wangu, Minza, alirudi kutoka Kigongo na kapu la nyanya. Alikuwa amepewa lifti na mteja wa Kamugisha. Nilikuwa nakula. Akainua nyanya moja, akaigeuza geuza.

"Baba Kabula, umeona? Hazijapasuka hata moja. Lile gari linatembea kama halitaki kumwamsha mtu."

"Lilikuwa tupu," nikasema.

"Tulikuwa tumejaa."

"Basi dereva alikwenda polepole."

"Alikimbia, nikamwambia apunguze." Akaniangalia. "Kwa nini usimwombe Kamugisha akuonyeshe?"

Nikasukuma sahani. Mke wangu mwenyewe, nyumbani kwangu, mbele ya ugali wangu.

Mama Shija alinunua pikapu ya pili, ya umri ule ule na ya aina ile ile. Bahati yangu mbaya, nayo ilikuwa imepita mikononi mwangu kwa mwenye nayo wa kwanza, kwa hiyo ilikuwa na difu la lori na majani manane kama ya kwanza. Mama akatuita wote wawili.

"Nataka fundi mmoja wa kukaa kwangu Kiseke," alisema. "Nimejenga banda la gereji, nimevuta umeme, magari yanaongezeka, na ndugu zangu nao wana magari. Sasa kila mmoja wenu achukue pikapu moja, aiandae anavyojua. Mtanipelekea mayai Sengerema siku moja, barabara moja. Ambaye mayai yake yatafika, banda ni lake."

Laiti Mama Shija angekuwa Mhaya, ningepata la kusema. Lakini alikuwa Msukuma mwenzangu wa kuzaliwa Magu, na macho yake yalikuwa kwenye mayai tu.

Na banda lile halikuwa mchezo kwetu. Mwenye kiwanja chetu cha Mabatini alikuwa ameshamwaga mchanga na kokoto mlangoni. Anataka kujenga fremu za maduka, kila mtu mjini alikuwa anajenga fremu za maduka. Gereji yetu ilikuwa na siku za kuhesabika. Atakayekosa Kiseke atabaki na boksi la spana barabarani. Kamugisha alilisema hilo waziwazi tukirudi: "Masalu, yeyote atakayeshinda, tusiachane." Nikamjibu, "Shinda kwanza." Nilisema kama utani. Hakukuwa na utani ndani yake.

Tukaanza kazi, yeye upande wake, mimi upande wangu. Nilitundika magunia katikati ili asinione, kisha nikatoboa gunia ili nimwone. Alifungua kila kitu changu. Kila alipotoa kipande, alikiweka chini taratibu, bila dharau, na hiyo ndiyo ilikuwa mbaya zaidi. Kilima cha machuma yangu kikakua pale sakafuni. Akatoka, akarudi na difu dogo, la kiwandani, kutoka kwenye pikapu ya mtumba iliyogongwa. Alilibeba na mtu mmoja tu, la kwangu lilitaka watu wanne. Akabadilisha rimu za lori akaweka nyepesi. Majani akabakiza machache, marefu, akayapiga tupa kwenye ncha yawe membamba yanavyokwenda mwisho, akapaka grisi katikati. Yale mabamba mazito akayatupa, yubolti akatafuta fupi.

Nikaona ujanja wake. Au nilidhani nimeuona. Nikasema moyoni, kumbe ni majani! Nami nikapunguza majani, nikachagua mazuri, nikayagonga moja moja na kuyasikiliza, nikayapiga tupa vizuri kuliko yeye, nikapaka grisi mpaka yakawa yanateleza kama kambale.

Difu sikulitoa.

Nilikuwa nimeliona lake, msidhani nilikuwa kipofu. Lakini difu lile la lori ndilo lilikuwa jina langu. Watu walikuwa wanalionyesha kwa kidole: hii kazi ya Masalu. Kulitoa kungekuwa kukubali mbele ya Mabatini nzima kwamba mabuti ya chuma yalikuwa mabuti ya chuma. Nikabaki na difu zito juu ya gurudumu zito, na springi laini juu yake, mchanganyiko mbaya kuliko hata ule wa kwanza. Na kwa kuwa majani yamepungua, yubolti zikawa ndefu mno, hazikazi. Sikutaka kwenda kutafuta fupi, Kamugisha angejua. Nikajaza nafasi kwa kipande kingine cha chuma. Yaani nimepunguza uzito kwa kuongeza chuma. Chekeni tu, mimi mwenyewe siku hizi nacheka kidogo.

Mama wa mahindi alipanda bampa, akaruka mara moja, gari likazama. Akashuka, akanitazama kwa huruma. "Masalu, leo umelainika. Unaumwa?"

Siku ya safari, Deo, dereva wa Mama Shija, aliendesha pikapu ya Kamugisha, Mama mwenyewe kakaa mbele, Kamugisha nyuma ameshika trei. Mimi niliendesha yangu mwenyewe. Kwenye lami yote yalikwenda vizuri, gari likanesanesa kama kitanda cha hoteli, nikaanza hata kuimba. Tulipoiacha lami kuelekea Kigongo tukakutana na rasta, vile vijituta vilivyopangana barabarani kama ubao wa kufulia. Hapo sehemu ya nyuma ya gari ikaanza kucheza ngoma yake. Difu lilirushwa juu, springi laini ikashindwa kulituliza, kabla halijatua likarushwa tena. Nikipunguza mwendo linaruka, nikiongeza linaruka na kuhama upande. Kwenye kioo niliona trei zinapanda na kushuka kama watu wanaoshangilia mpira. Mbele yangu pikapu ya Kamugisha ilikuwa inakwenda. Inakwenda tu. Magurudumu ya nyuma yalikuwa yanatetemeka huko chini haraka haraka, na bodi juu imetulia. Ndipo nikakiona kile alichokuwa anakitazama miaka yote mpaka gari linakata kona. Nilikichukia.

Kigongo pantoni ilikuwa imeshafungua mdomo. Wao wakapanda. Mimi nikateremka mteremko wa kuingilia, kwa haraka kidogo kuliko inavyopasa, kwa sababu nilitaka kuwa nyuma yao karibu. Magurudumu ya mbele yakakanyaga bamba la pantoni. Ya nyuma yakaangukia pale ardhi inapokutana na chuma. Difu likapanda mpaka likaigonga chesisi, nikasikia mlio mkavu. Senta bolti, ile inayoshika majani yasihame kwenye ekseli, imekatika. Difu likahama, gurudumu la kulia likang'ata bodi, gari likasimama nusu nchi kavu, nusu pantoni, limekaa upande kama mtu aliyekatwa mguu. Kisha ute wa mayai ukaanza kudondoka kwenye mlango wa nyuma, taratibu, mbele ya abiria wote.

"Fundi, ongeza na chumvi!" akaita mama mmoja mwenye beseni la samaki.

"Hayo mayai au rangi ya mlango?" mwingine akadakia.

"Bwana, toa gari lako, pantoni inaondoka!" mfanyakazi wa pantoni akapiga kelele.

"Ataliondoaje? Limeshataga!"

Gati zima likacheka. Nilibaki nimeshika usukani, naangalia mbele, kana kwamba bado naendesha.

Kamugisha akashuka kutoka kwenye pikapu yake, akaja.

"Masalu, jeki iko wapi?"

"Nani kakuita?"

"Hakuna aliyeniita. Jeki iko wapi?"

Akaitafuta mwenyewe nyuma ya siti. Akalala chini pale pale, na ovaroli yake ya pasi, ndani ya ute na magamba, akainua chesisi, akaomba nondo kwa wavuvi, akalisukuma difu mpaka likarudi mahali pake, akalifunga kwa mnyororo. Watu wakatusukuma mpaka pembeni. Pantoni ikaondoka na Deo, Mama Shija na mayai yao. Kamugisha akabaki upande huu na mimi.

Tulikaa juu ya jiwe, tunatazama maji. Alikuwa ananuka mayai. Akasema, "Majani umeyapanga vizuri kuliko mimi. Ungetoa difu, ungenishinda."

Mniamini, alisema kwa moyo safi. Na ilikuwa kweli, niliyakagua baadaye, yalikuwa mazuri kuliko yake. Lakini siku ile nilisikia tusi. Niliona amechukua hata ushindi ambao sikuupata, ameushika mkononi, ananionyesha.

Mama Shija alirudi na pantoni, trei zimebaki tupu, mayai yameuzwa. Yalikuwa yamepasuka mayai ya kuhesabu kwa vidole. Akasimama mbele yetu.

"Kamugisha, banda ni lako."

"Nashukuru, mama. Ila mimi sifanyi kazi peke yangu. Tutakuja wote wawili."

Mama Shija akalitazama gari langu, akanitazama mimi. "Haya. Njooni wote. Ila lile dude la lori nisilione Kiseke."

Vijana, hapo nilitakiwa kusema neno moja tu. Asante. Hata kuitikia kwa kichwa kungetosha. Banda lilikuwepo, umeme ulikuwepo, kazi ilikuwepo, rafiki alikuwepo, na aibu yote ilikuwa imeshapita, watu wa samaki walikuwa wamesharudi kwenye samaki wao.

Nikasema, "Mimi siendi kuwa msaidizi wa Mhaya."

Tulikuwa tumetaniana makabila miaka yote. Huu haukuwa utani, na kila mtu alisikia kwamba haukuwa. Deo akainamisha macho.

"Nani kasema msaidizi?" Kamugisha akauliza.

"Mimi nimesema."

"Tulisema gereji ni yetu, Masalu."

"Ilikuwa yetu ulipokuwa hujashinda."

Akafuta mikono kwenye ovaroli ambayo haikuwa na mahali pa kufutia. "Haya, Masalu," akasema. Akapanda mbele, karibu na Deo, wakaondoka. Kesho yake nilipofika Mabatini alikuwa ameshachukua spana zake. Jiliwa alikuwa ameniachia.

Fremu za maduka zilijengwa. Mimi nilifanya kazi chini ya turubai, kisha kwenye gereji za watu, nikiazima jeki. Na niliacha kufunga madifu ya lori, mjue. Kwa miaka iliyobaki nilifanya kila kitu kwa namna yake, bila kumtaja. Gari likija naanza na chini: je, rimu hii haiwezi kuwa nyepesi, hili bamba lina kazi gani, nani aliongeza chuma hiki na alikuwa anaogopa nini. Ninyi nanyi mfanye hivyo. Msipunguze jani hata moja kabla hamjapima kwanza kinachoning'inia. Yubolti ikiwa ndefu, tafuta fupi, usijaze pengo. Shokapu iliyochoka ibadilishe kabla hujailaumu springi. Na mteja akitaka kuruka juu ya bampa mwache aruke, ndiyo starehe yake, kisha mpeleke kwenye rasta, umketishe nyuma. Wateja walinisifu kwa kazi hiyo. Walisema, "Masalu umebadilika." Kila sifa niliyopata ilikuwa ya mtu mwingine, nami niliipokea.

Mara moja nilikwenda Kiseke. Nilijidanganya kwamba nakwenda kununua kuku. Nilisimama ng'ambo ya barabara, mkabala na banda. Palikuwa na magari mengi, lakini magari hayakuniuma, nilikuwa nimeyatarajia. Chini ya pikapu moja nyeupe palitokeza miguu minne. Miwili niliifahamu, nani mwingine ana mkunjo wa pasi kwenye suruali ya kazi? Ile miwili mingine ilikuwa ya mtu nisiyemjua, fundi mtu mzima, viatu vyake vimekwisha visigino. Niliwasikia wanabishana, sauti zinatoka chini ya chuma.

"Ongeza jani hapo," sauti nisiyoijua ikasema.

"Siongezi. Niambie kwa nini kwanza."

"Wewe mkaidi kama punda."

"Na wewe unajenga daraja."

Wakacheka, hadi spana ikaanguka kwenye zege. Mkono wa Kamugisha ukatoka nje, umefunguliwa, bila neno, na yule mtu nisiyemjua akauwekea spana ile ile iliyotakiwa.

Miaka yote nilikuwa namwonea wivu Kamugisha. Siku ile nilisimama pale juani, nikamwonea wivu mwenye viatu vilivyokwisha visigino.

Kuku sikununua. Nikageuka, nikarudi mjini kwa miguu.